Daftari la kuchorea la gramu 200, nimelitumia mikokoni Kunduchi, Dar es Salaam, maoni yangu haya hapa

Nianze na jibu ili asiye na muda aende zake: kama unachora nje, iwe mti, ndege au ufukwe, hela yako ianzie kwenye karatasi, rangi zitajipanga baadaye. Basi. Anayetaka maelezo tuendelee.

Daftari lenyewe ni A5 ya kulala (upana umezidi urefu), kava gumu jeusi, lina lastiki ya kufungia, halina jina lolote la maana zaidi ya kistika kimeandikwa 200 g/m², yaani mita moja ya mraba ya karatasi yake ina uzito wa gramu 200. Nimelipata stesheneri moja ya Kariakoo kwa elfu ishirini na nane, muuzaji alianzia thelathini na tano akaniambia "kaka hili wananunua maakitekti, sio la shule hili", tukavutana pale mpaka akalegea. Na kweli sio la shule, yale madaftari ya kuchorea ya watoto ya elfu mbili tatu yanafaa kwa penseli tu, ukigusa na brashi yenye maji ukurasa unajikunja, rangi inatokea upande wa pili na mchoro wa jana nao unakwenda na maji.

Kwa penseli sina la kulalamika, HB na 2B zinakaa vizuri maana karatasi ina mkwaruzo kidogo, haitelezi. 4B inachafua ukurasa wa jirani ukifunga daftari kwahiyo weka kipande cha karatasi katikati. Raba ya kawaida inafuta bila kuchubua, ila usirudie sana sehemu moja kama unataka kupaka maji juu yake, pale palipochubuka rangi itazama na kuacha doa jeusi ambalo halitoki tena.

Kwa wino hapa wengi wanaumia. Peni nyingi za jeli na za wino wa maji, hata ziwe nzuri kiasi gani, wino wake ukikutana na maji unakimbia, mchoro mzima unakuwa bluu bluu. Inatakiwa peni ya wino wa pigmenti usioyeyuka ukishakauka, mi natumia Sakura Pigma Micron namba 03 na 05 (namba ni unene wa ncha), ya Japan, na kwenye karatasi hii mstari unatoka msafi kabisa, hausambai. Usubiri ukauke tu, na kwa hali ya hewa ya Dar kusubiri kwenyewe ni zaidi ya unavyodhani.

Sasa rangi za maji. Hapa ndo gramu 200 inajionyesha na hapo hapo ndo inapoishia. Ukipaka kwa kiasi, anga kidogo, majani, tope, karatasi inavimba ikiwa mbichi halafu inajinyoosha ikikauka ukiibana na vibanio viwili pembeni. Ukiimwagia maji mengi kama wale wa kwenye video wanaoloanisha ukurasa mzima, sahau, itafanya mabonde na rangi itatuama humo. Hayo ni mambo ya gramu 300, na daftari la gramu 300 ni zito na bei yake kwa hapa mjini inakata tamaa. Kwa mtu anayebeba begi kwenye daladala 200 inatosha.

Kilichonifanya niandike hii rivyu hasa ni unyevu, maana karibu kila anayesifia daftari mtandaoni anaishi sehemu ya baridi kavu, haya yetu hayajui. Karatasi ya rangi za maji inapakwa aina ya gundi kiwandani ili isinyonye maji haraka, sasa huku Pwani, hasa masika, daftari likikaa wazi ile gundi inachoka taratibu, siku unapaka anga unaona vidoa vidoa vimezama kama karatasi ina ugonjwa. Dawa yake rahisi, lihifadhi kwenye mfuko wa zipu pamoja na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, usivitupe. Na kwa sababu hiyo hiyo ya unyevu rangi zenye asali ndani sizishauri kwa mtu wa Dar, Tanga au Unguja, hazikauki kwenye kibweta, zinabaki zinanata na ukilaza begi zinatembea. Chukua zile za vidonge vikavu. Mimi shemeji aliniletea Winsor & Newton Cotman ya vidonge 12 kutoka Uingereza, ile ndogo inayoingia mfukoni, ni daraja la wanafunzi ila inanitosha sana, ile bluu iliyoandikwa Ultramarine ukichanganya na kahawia iliyoandikwa Burnt Sienna unapata kijivu cha tope la mikokoni chenyewe, huhitaji rangi nyeusi kabisa.

Sasa twende huko mikokoni, maana daftari bila kulipeleka nje utalijuaje. Kunduchi nenda maji yakiwa yanakupwa, angalia ratiba ya maji kabla ya kutoka nyumbani, siku za bamvua bahari inatoka mbali na unapata muda mrefu wa kukaa, ila yakianza kurudi nayo hayangoji umalizie kivuli. Hili umbo la kulala lilinifurahisha hapo, ukifungua kurasa mbili unapata mstari mmoja mrefu wa ufukwe, mikoko kushoto, ngalawa kulia, na kwa vile limeshonwa kwa uzi linalala wazi vizuri bila kulikandamiza katikati. Ya gundi tupu huwa yanaachia kurasa kwenye joto.

Kuna mzee mmoja mvuvi alinisogelea akauliza "kijana, mnapima viwanja tena?" maana huko mtu aliyekaa na karatasi anatazama miti watu wanajua ni wa ardhi au ni wa TFS, wale wakala wa misitu, amekuja kukagua nani amekata boriti. Nikamsalimia shikamoo, nikamwonyesha mchoro, akacheka, halafu akakaa akaanza kunikagua yeye. Akasema, huu mchu huu, mizizi yake angalia imesimama wima kwenye tope kama penseli zako hizo. Ile ya kule minene zaidi na imechongoka juu ni mlilana, ndio tunatolea mataruma, zile mbavu za dau. Yenye miguu imetanuka hivi ndio mkoko wenyewe. Nimepita hapo miaka na yote nilikuwa naita mikoko tu, ila ukikaa kuchora inabidi uamue mzizi unatokea wapi na unaingia wapi, ndo unaona kumbe kila mmoja una mpango wake. Jani la mchu ukiligeuza chini ni jeupe jeupe kama limepakwa vumbi, na juu yake kukiwa na jua kali unaona chembe za chumvi, mti unatoa chumvi kupitia majani, weka ulimini ukitaka kuhakikisha. Jani la mkoko lina kimwiba kidogo kwenye ncha na vidoti vyeusi chini. Vitu hivi peni ya 03 inavichukua vyote ukurasa mmoja na maelezo pembeni, wino hausambai.

Kasoro yake kubwa kwangu ni rangi ya karatasi. Ni krimu. Kwenye mti haisumbui, tena inapendeza, lakini mchore yange-yange uone. Yule ndege ni mweupe pee, na kwenye rangi za maji weupe ni karatasi unayoiacha wazi huku ukipaka giza la mikoko nyuma yake, sasa ukiacha krimu unapata yange-yange aliyelala stoo. Peni nyeupe ya jeli inasaidia kidogo kwenye mgongo na shingo, haimalizi tatizo. Mdiria hana shida, yule bluu yake inabeba kila kitu, ila hakai, chora vipande vipande, kichwa hapa, mdomo pale, akirudi kwenye tawi lile lile unaendeleza ulipoachia. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa ndo modo wazuri kuliko wote, ukitulia wanatoka mashimoni na kukusahau.

Lastiki ya kava imeshaanza kulegea, nayo naiandika. Na ile brashi ya tanki, yenye maji ndani ya mpini, niliyonunua duka hilo hilo sikushauri, inadondosha tone kubwa ukiwa umeishika wima, tafuta nyingine au beba brashi ya kawaida na kichupa. Maji yawe ya kunywa, usichote ya bahari, ikikauka chumvi inabaki kwenye karatasi na rangi inafanya madoa ya ajabu.

Kama huko Kunduchi ni mbali, ile bustani ya mimea mjini, ya tangu Wajerumani 1893, ina vivuli, ina mabenchi na ina tausi wanaotembea taratibu kuliko kumbikumbi, pazuri kwa kuanzia na viatu vinarudi visafi.

Nalipa nyota nne kati ya tano. Ningepata la karatasi nyeupe kwa bei hiyo hiyo ningehama kesho. Ukienda Kariakoo mwambie muuzaji alifungue katikati ulione linavyolala kabla hujauliza bei, na usikubali ya gramu 120 iliyobandikwa kistika cha 200, shika ukurasa mmoja uupinde kidogo, wa 200 unarudi wenyewe.