Diski ya nje ya SSD iliyozima katikati ya kazi

Niliichagua SSD hii, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, kwa sababu moja tu: diski yangu ya zamani, yenye sahani inayozunguka ndani, ilikuwa ikiniweka roho juu kila mtu alipoigusa meza. SSD haina kinachozunguka, hivyo niliamini nimeachana na hofu hiyo, na kwa miezi ya mwanzo nilifurahi kwelikweli.

Kisha, usiku mmoja, kompyuta ikiwa imejaa, niliamua kuhamishia humo rekodi za babu akisimulia habari za ujana wake. Kasi ilianza juu sana, halafu ikaporomoka hadi chini ya megabaiti 100 kwa sekunde. Hilo silalamikii, kwa maana SSD nyingi hupokea data kwanza katika sehemu ndogo yenye kasi kubwa, na sehemu hiyo ikijaa ndipo kasi yake halisi inapoonekana. Niliweka kidole juu ya ganda, nikalikuta limepata moto kiasi cha kunifanya niuondoe mkono. Dakika chache baadaye taa yake ndogo ikazimika, nayo kompyuta ikadai kwamba haioni diski yoyote. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha kompyuta, na jibu likawa lile lile.

Nilikosea kuhamisha faili badala ya kuzinakili, nakiri. Nilijaribu programu ya kurejesha faili kwenye kompyuta, lakini SSD iliyo ndani ya kompyuta hiyo ilikuwa imeshaarifiwa na mfumo kwamba nafasi zile hazihitajiki tena, nayo ikawa imezisafisha.

Kilichonichoma zaidi ni mhudumu wa dhamana. Kabla hata sijamaliza kueleza, alisema, "Utakuwa uliichomoa vibaya." Nilimweleza kwamba ilizima ikiwa mezani, haijaguswa na mtu. Akajibu kwamba dhamana inahusu kifaa, si data, jambo ambalo ni kweli na limeandikwa, kisha akaongeza, "Kwani hukuwa na nakala nyingine?" Hakusema pole. Sauti ya babu imepotea, naye ananiuliza kama anayemkaripia mtoto aliyevunja kikombe!

Diski mpya waliyonitumia haina kasoro niliyoiona. Nimeijaza mara mbili karibu na ukingo na haikukatika, na kwa anayehariri video nyepesi nyepesi ningesema ainunue bila wasiwasi. Hapana, nafuta kauli hiyo. Siwezi kumshauri mtu anunue kitu ambacho waliokiuza, kikiharibika, watamtafutia kosa yeye kwanza. Ninaitumia kwa sababu ninayo tayari, na kila rekodi ninayoiweka humo naiweka pia kwenye ile diski ya zamani, ambayo nimeitoa kwenye droo na ambayo, pamoja na mngurumo wake wote, haijawahi kunipotezea hata faili moja.