Uzoefu wangu: Excel kwa kuhesabu likizo za watu wa zamu zisizotabirika

Naitumia Excel kuhesabu likizo za wahudumu wa wazee hapa Uingereza, watu wa mikataba ya saa sifuri, yaani isiyoahidi saa zozote za kazi: wiki hii zamu nne, wiki ijayo moja. Kwa kundi dogo naipendekeza kabisa. Mtego wake uko kwenye kuandika saa, na anayeumia ni mfanyakazi.

Kwa mwaka wa likizo ulioanza tarehe 1 Aprili 2024 au baadaye, mtu wa saa zisizo na mpangilio hupata likizo mwishoni mwa kila kipindi cha malipo: asilimia 12.07 ya saa alizofanya kazi. Asilimia hiyo ni wiki 5.6 za likizo kugawanya kwa wiki 46.4 zinazobaki. Kwa hiyo saa alizokuwa likizo usizijumlishe na za kazi; zipe safu yake.

Zamu ya saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi huandikwa 22:00 (seli B2) na 7:00 (seli C2). Ukitoa moja kwa moja unapata hasi, na seli inajaa alama za reli (####). Weka =MOD(C2-B2,1)*24, upate 9.

Hiyo 24 usiiache kamwe. Excel huhifadhi muda kama sehemu ya siku, hivyo saa 83 kwake ni 3.458. Bila kuzidisha, asilimia 12.07 inatoa 0.417, ikikadirishwa inakuwa sifuri: mtu kafanya kazi mwezi mzima na likizo hana! Ukizidisha unapata 10.02, yaani saa 10. Jumla yenyewe nayo hudanganya macho: kwa umbizo la kawaida la saa, 83 huonekana 11:00.

Kukadiria, =ROUND(D40*12.07%,0) inatosha (D40 ni seli yenye jumla ya saa za kazi), kwa kuwa sheria hupandisha dakika 30 na zaidi na kuacha pungufu ya hapo. Anapochukua likizo, zamu ya saa 12 ikatwe saa 12. Ukikata "siku moja" kwa kila mtu, wa zamu fupi anapunjwa.

Funga seli zenye fomula kabla ya kuwapa wengine faili.

Udhaifu mkubwa ni mgonjwa na aliye kwenye likizo ya uzazi. Safu yake inasoma sifuri ilhali kisheria anaendelea kulimbikiza, kwa wastani wa saa za wiki 52 zilizotangulia. Hilo Excel haitakukumbusha. Mfungulie karatasi yake siku ileile anapoondoka.