Krimu ya urea kwa magaga, sugu na kucha nene: ipi ununue

Kabla ya kutazama bei, geuza tyubu usome viambato. Tafuta neno "urea" na asilimia yake. Kama asilimia haikuandikwa, irudishe, maana huwezi kujua umeshika losheni au dawa.

Asilimia ndiyo inayoamua kazi. Kwenye 10 kushuka chini, urea huvuta maji na kuyashika ndani ya ngozi, basi. Ikifika 20 huanza kulegeza keratini, ile protini inayokakamaza sugu na kucha. Kwenye 40 huilainisha kiasi cha kukwanguka.

Nafasi ya kwanza tunaipa krimu ya asilimia 20 hadi 25. Magaga ya kawaida hayahitaji kikali zaidi ya hapo. Loweka miguu dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu, futa maji huku ngozi ikibaki na unyevu kidogo, kisha paka. Kamua krimu kuanzia ncha ya kidole cha shahada mpaka mkunjo wake wa kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, na mara mbili yake inatosha mguu mmoja, kuanzia vidoleni hadi kifundo. Ukipaka miguu yote asubuhi na jioni, tyubu ya gramu 100 itakwisha kwa siku 25 hivi, kwa hiyo zile ndogo za gramu 30 hazikufai. Vaa soksi za pamba. Bila soksi utateleza sakafuni na krimu itaishia kwenye shuka. Usipake katikati ya vidole. Unyevu wa hapo ni karamu ya fangasi.

Ya pili ni ya asilimia 40, kwa kucha zilizonenepa na sugu zilizoshindikana. Hapa tyubu ndogo ndiyo ya kununua. Zungushia nyama ya pembeni mafuta ya mgando, weka tone la krimu juu ya kucha pekee, funika kwa plasta isiyopitisha maji, uache mpaka asubuhi. Ukitoa plasta, loweka kidole, kisha kwangua kwa tupa kile kilicholegea tu. Rudia kila usiku kwa wiki moja hadi mbili. Nyama ikigeuka nyeupe na kuchubuka, krimu imevuja: pumzisha siku kadhaa, na safari ijayo punguza tone, usikaze plasta. Urea haiui fangasi. Inachofanya ni kupunguza unene ili dawa ya fangasi ipenye, na kucha ya dole gumba la mguu huchukua miezi 12 hadi 18 kuota yote, basi usiihukumu dawa kwa mwezi mmoja.

Ya tatu, asilimia 5 hadi 10, ni ya kila siku kwa mikono, viwiko na miundi mikavu. Hiyo hiyo ndiyo ya kuendelea nayo magaga yakishapona.

Ya nne si urea: losheni ya asidi ya laktiki, asilimia 12. Inafaa vipele vikavu vya nyuma ya mikono, ila ngozi iliyopakwa huungua kwa jua upesi, kwa hiyo ifunike.

Mwisho tumeiweka asidi ya salisiliki, ingawa ina nguvu. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuunguzwa nayo asijue. Ikipakwa eneo kubwa huingia kwenye damu, na watoto ndio hudhurika zaidi. Mwenye mzio wa aspirini aiache kabisa. Iachie sugu ndogo na chunjua.

Mwenye kisukari au miguu isiyopata damu vizuri aonane na mhudumu wa afya hata kabla ya urea ya 40. Nyufa zinazotoa damu zipake mafuta ya mgando kwanza mpaka zifunge, la sivyo urea itachoma vibaya. Muwasho wa dakika moja au mbili ni wa kawaida. Ukizidi, au malengelenge yakitoka, osha uache. Usiichanganye na krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi) mahali pamoja bila kuelekezwa, kwa sababu urea huifungulia mlango ikaingia kupita kipimo.

Iweke mbali na joto. Urea iliyoharibika hutoa amonia, na ukifungua kifuniko ukakutana na harufu ya mkojo, tupa.