Pleya ya santuri ya kuchomeka kwenye kompyuta: "Hawa wanakimbia"

Niliiagiza Kariakoo kwa shilingi 180,000, ikaja na basi, nikaipokea Ipogolo, hapa Iringa, ikiwa kwenye boksi la sabuni. Jina la kampuni nalihifadhi. Kazi yake ni moja: unaichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa yuesibii, unaweka santuri, sauti inaingia. Baba ana santuri arobaini na ushee ndani ya sanduku la bati, nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilizotoka Nairobi: bendi za Morogoro Jazz, NUTA Jazz na wenzao wa enzi hizo. Redio yake inakula CD tu.

Kurekodi natumia Audacity, programu ya bure, sina neno nayo. Angalia tu kipimo cha sauti kisigonge nyekundu, maana kikigonga sauti imeharibika, unarudia. Na kompyuta haifupishi kazi. Wimbo wa dakika 7 utakaa nao dakika 7, na yangu ni ya mezani, kwa hiyo umeme ukikatika dakika ya sita unaanza upya. Imenitokea mara mbili wiki moja, huku Kihesa.

Siku ya kwanza nikamwekea Baba nilichopata. Akatega sikio, akatikisa kichwa.

"Hawa wanakimbia, mwanangu. Hapa mtu hachezi."

Nikajisemea, masikio ya uzee hayo. Usiku nikabandika kikaratasi kwenye lebo ya santuri, nikashika saa, nikahesabu mizunguko. Ilitakiwa 45 kwa dakika, nikapata 47. Nikarudia, 47 ile ile. Yaani mzee alisikia mizunguko miwili! Pleya haina pa kurekebishia, kwa hiyo nikapunguza kasi ndani ya Audacity kwa asilimia 4.3. Gitaa likashuka, mwimbaji akarudi kuwa mwanaume mzima. Safari hii Baba hakusema kitu, mabega ndiyo yaliyojibu.

Kilichonipendeza kuliko vyote ni kuunganisha. Santuri hizi ndogo wimbo umekatwa katikati: upande wa kwanza mashairi, unageuza, upande wa pili magitaa yanachanganya. Nikafuta ule ukimya wa katikati, wimbo ukawa mmoja. Nyimbo kumi na moja zikaenea kwenye CD ya dakika 80. Ukichoma, chagua CD ya muziki. Ukimwaga mafaili ya MP3 tu, redio za zamani kama ya Baba hazisomi.

Vumbi ndilo adui. Santuri isiyooshwa inalia kama bisi kwenye sufuria. Mimi naosha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kikifuata mistari, lebo isilowe. Nilijaribu kuondoa mikwaruzo yote kwa kompyuta, mwimbaji akawa kama anaimbia ndani ya simtanki. Nikaiacha ilie kidogo.

Kwa bei hiyo ningeinunua tena, ila ningeagiza na sindano ya akiba hapo hapo. Yangu imeanza kuchoka, nikashuka Miyomboni kuulizia. Duka la tatu, kaka wa watu akaingia ndani kwa furaha, akarudi na pakiti nzima ya sindano za cherehani.