Qt, Electron au Tauri: programu yako ya kompyuta uijengee nini?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo nazungumza na nyinyi mnaoandika programu za mauzo, za stoo na za famasi. Kabla hujachagua zana za kujengea kiolesura, yaani sehemu anayoiona mtumiaji, kama Qt, Electron au Tauri, jiulize programu hiyo itafungwa kwenye mashine gani. Wateja wengi wa kazi hizi wana kompyuta zilizokwishatumika, RAM ya GB 4, na printa ya risiti pembeni. Mimi nahukumu kwa mashine hiyo.

Electron ndiyo inayopendwa. Ilianzia GitHub mwaka 2013, na leo VS Code, Slack na Discord zimejengwa juu yake. Ukijua HTML na JavaScript, unapata kitu cha kupendeza haraka sana. Shida ni kwamba kila programu inabeba Chromium nzima, yaani kiini cha kivinjari cha Chrome, pamoja na Node.js, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari. Fungua Task Manager uone: programu moja, michakato kadhaa, kila mmoja unakula RAM yake. Mhudumu akifungua na Chrome juu yake, kompyuta inaanza kukwama wakati wateja wamepanga foleni.

Tauri inapunguza mzigo kwa kutumia injini ya wavuti iliyomo kwenye mfumo wenyewe: WebView2 kwa Windows, WebKitGTK kwa Linux. Faili la kusakinisha linakuwa dogo mno. Ila injini hizo hazichori ukurasa sawasawa, lazima ujaribu kote, na upande wa ndani utakutana na lugha ya Rust.

Mimi nachagua Qt kwa Python, yaani PySide6. Tazameni hapa kwenye skrini: jedwali la bidhaa 50,000. Nimetumia QTableView, inayoonyesha jedwali, na QAbstractTableModel, inayolipa data, kwa hiyo jedwali linaomba data ya mistari inayoonekana tu. Nashusha mpaka chini, haligandi. Ukitumia QTableWidget na kujaza seli moja moja, utasubiri, na mteja wako atasubiri kila asubuhi.

Sasa leseni, na hapa naomba mnisikilize vizuri. PySide6 iko chini ya leseni huria ya LGPL: unaweza kuuza programu bila kutoa msimbo wako, mradi ufuate masharti yake. PyQt6, njia nyingine ya kutumia Qt kwa Python, inafanana nayo karibu kila mstari, lakini ni GPL, inayokutaka utoe msimbo wako ukisambaza programu, la sivyo unalipia leseni ya biashara. Na Qt Charts, ile ya kuchora grafu, haimo kwenye LGPL hata ukiwa na PySide6. Soma leseni ya kila moduli kabla ya kuweka bei.

Ukiifunga programu kwa PyInstaller, zana ya kuifanya ijiendeshe bila Python kusakinishwa, Qt nayo inakula nafasi kwenye diski, sikatai. Kwa programu ndogo ya ofisini yenye fomu moja, Tkinter, zana nyingine ya kiolesura, inakuja na Python, inatosha kabisa. Na kama timu yako yote ni ya wavuti, wateja wana mashine za GB 16, tumieni Electron bila wasiwasi.