AlphaFold DB: inavyofaa na inavyopotosha kwenye kipokezi cha androjeni

Ukitaka kuijua vizuri hifadhidata ya AlphaFold, yenye maumbo ya protini yaliyotabiriwa na kompyuta, ipime kwa kipokezi cha androjeni, AR, protini inayopokea homoni za kiume kama testosteroni. Jeni yake iko kwenye kromosomu X na inahusika na matatizo ya aina mbili: mabadiliko mengine huufanya mwili usiitikie testosteroni, na marudio ya CAG (herufi tatu za DNA zinazoagiza asidi amino ya glutamini) yakifika takriban 38 au zaidi, mwanamume hupata ugonjwa wa Kennedy, unaoua polepole neva zinazoendesha misuli. Chanzo hicho cha ugonjwa kinajulikana tangu 1991.

Huduma hii, iliyofunguliwa 2021 na DeepMind, kampuni ya akili mnemba ya Google, pamoja na EMBL-EBI, taasisi ya Ulaya ya data za biolojia, ni ya bure na haidai usajili. Tafuta kwa namba ya UniProt (orodha kuu ya protini), P10275. Ukiandika herufi AR peke yake utaletewa msururu wa protini usizozihitaji.

Sehemu inayoshika DNA na ile inayoshika homoni hutokea kwa bluu, yaani alama ya pLDDT (jinsi programu inavyojiamini, kati ya 0 na 100) iko juu ya 70, na penye bluu iliyokoza imevuka 90. Hapo kazi ni nzuri kweli: unaweza kuona asidi amino iliyobadilika imekaa ndani au juu ya protini, na inagusana na zipi. Ila mfuko wa homoni ni mtupu, na zinki mbili za sehemu ya DNA, ambazo kila moja hushikwa na sisteini nne, hazimo. Anayetaka kupachika dawa kwenye kompyuta achukue muundo wa fuwele 2AM9 kutoka PDB, hifadhi ya miundo iliyopimwa maabara, wenye testosteroni tayari.

Tatizo kubwa liko nusu ya kwanza, asidi amino 550 hivi, ambayo sehemu kubwa ni ya rangi ya chungwa: chini ya 50. Nyuzi zile zinazozagaa si umbo la protini. Ni programu inakiri kwamba haina la kusema, na mnyororo wa glutamini unaoleta ugonjwa wa Kennedy umo humo humo. Kuiweka picha hiyo kwenye tasnifu kama ushahidi wa muundo ni kosa zito. Na bluu nayo haitoshi kila mara. Alfa-sinukleini ya Parkinson (P37840) imechorwa heliksi (umbo la msokoto) ndefu yenye alama nzuri, ilhali protini hiyo ikiwa huru haina umbo thabiti. Heliksi hufanana na hali yake inapojishika kwenye utando, si nyuzi zinazorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa.

Jedwali la AlphaMissense, programu ya DeepMind inayokisia madhara ya mabadiliko, lililotoka 2023, hutoa alama kwa kila badiliko la asidi amino moja: juu ya 0.564 huenda lina madhara, chini ya 0.34 huenda halina. Kwa kutoitikia androjeni ni mwanzo mzuri wa kuchagua mabadiliko ya kupima maabara. Kwa Kennedy halisaidii, maana kurefuka kwa marudio si badiliko la asidi amino moja kuwa nyingine.

Namba ndizo huwaangusha wengi. Makala za zamani ziliihesabu AR kuwa na asidi amino 919. UniProt ina 920, kwa sababu urefu wa marudio hutofautiana kati ya watu. Hivyo T877A (threonini ya nafasi ya 877 kugeuka alanini) ya saratani ya tezi dume utaikuta nafasi ya 878. Kwa tau, protini ya neva (P10636), pengo ni kubwa zaidi: P301L iko nafasi ya 618. Hakikisha herufi iliyopo pale ndiyo unayoitarajia kabla hujapima chochote.

Katika faili unayopakua, pLDDT imewekwa kwenye safu ya B-factor, kwa hiyo namba kubwa hapo ni nzuri, kinyume cha faili za fuwele, ambako safu hiyo huonyesha kuyumba kwa atomu. Umbali kati ya sehemu ya DNA na ya homoni usiupime kabla ya kutazama mchoro wa PAE, yaani makadirio ya kosa la mpangilio kati ya sehemu na sehemu: kijani kilichofifia maana yake mpangilio wa sehemu hizo mbili hauaminiki. Andika pia toleo la modeli ulilotumia, kwa kuwa hubadilishwa.