Miezi miwili ya darasa la rali na mbwa wangu Watasema: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta: shilingi 200,000 kwa vipindi vinane, kila Jumamosi saa nzima, na hela yote inalipwa mwanzo. Uwanja uko upande wa Mbezi Beach, ndani ya ukuta, nusu nyasi nusu mchanga. Jina la darasa silitaji kwa sababu nina malalamiko mawili na bado namhitaji yule mwalimu.

Mbwa wangu anaitwa Watasema. Jina alimpa mama, kwa sababu zake na majirani. Ni chotara wa jamani shepadi na mbwa wa mtaani, ana miaka mitatu, mchana anashinda bandani, usiku anafunguliwa alinde. Kamba alikuwa anaijua siku za chanjo tu, na siku hizo aliyekuwa anaburutwa ni mimi, kandambili mkononi.

Kaka yangu aliposikia rali aliuliza mbwa ataendesha gari gani. Rali hii ni ya kutembea. Uwanjani vinapangwa vibao vyenye namba, kila kibao na amri yake: simama na mbwa akae, geuka kulia, pita nyoka-nyoka katikati ya koni, punguza mwendo, kimbia. Mnavifuata kimoja baada ya kingine, mbwa akiwa ubavuni kwako kushoto. Aliyeibuni ni Mmarekani, Charles Kramer, na American Kennel Club, chama cha mbwa cha huko Marekani, wakaanza kuitolea vyeo mwaka 2005. Kwa kanuni zao anayeanza anapita vibao 10 hadi 15, mbwa akiwa bado kwenye kamba. Mnaanza na pointi 100, mwamuzi anakata kila mnapokosea, na mkibaki na 70 mmefaulu. Kilichonivuta hasa ni kwamba unaruhusiwa kuongea na mbwa muda wote: kumsifia, kumbembeleza, kupiga makofi. Kumsukuma au kumvuta kwa nguvu ndiyo hapana. Mimi ni mtu wa maneno, nikaona hapa ndipo petu.

Kumfikisha darasani ni somo lingine. Daladala usiifikirie. Bajaji ya kwanza ilinikatalia kistaarabu kabisa: "Dada, mimi naswali. Nikimpandisha huyo akaacha mate kwenye kiti, naosha mara saba, moja kwa udongo." Ana haki yake. Ya pili ilitaka elfu ishirini kutoka Tegeta. Mwishowe nikapatana na kijana mwenye kirikuu, Watasema anakaa nyuma na mimi nyuma naye, nimeshika bomba. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya darasa, ongeza na usafiri, maana kwangu mwisho wa miezi miwili ulikaribia ada yenyewe.

Getini wanaomba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Siku ya kwanza baba mmoja aliyekuja na mbwa mzuri wa kizungu alirudishwa kwa kukosa kadi, akafoka sana, na hawakulegeza. Hapo nikawapa alama. Mbwa kumi wasiojuana uwanja mmoja, na watoto wamekuja kutazama, sitaki mtu aniambie "huyu haumi".

Kipindi cha kwanza chote kilikwenda kwenye jina. Mwalimu alinisikia nikiita, akacheka. "Wa-ta-se-ma. Ukimaliza kumwita ameshavuka barabara." Akashauri tulifupishe, tukakubaliana Sema. Vipande vya maini yaliyochemshwa mfukoni, nasema "Sema!", akinitazama anapata kipande. Siku tatu nyumbani, kashika. Shida niliiona Jumamosi iliyofuata. Watasema kakaa vizuri ubavuni, mimi nimevimba kichwa, mara akaingia kijana kuja kumwona rafiki yake na kusalimia kwa sauti: "Sema, kaka!" Mbwa alichomoka kama mshale kwenda kudai maini yake. Yule kijana alipanda ukuta.

Amri nazo zina mtego kwenye Kiswahili, na ningependa mwalimu angetuambia mapema. Darasani wengi wanatumia maneno ya Kiingereza kwa sababu vibao vimeandikwa hivyo. Mimi nilikataa, kwa sababu anayemlisha mbwa ni Mzee mlinzi wetu, na mama naye humwamrisha kwa Kiswahili. Sasa "kaa" kwetu ni kuweka matako chini na pia ni kubaki hapohapo. Kipo kibao kinachotaka mbwa akae, halafu wewe umzunguke mzima bila yeye kuinuka. Nilikuwa namwambia "kaa" akishakaa, nikimaanisha asitoke, naye ananitazama kama mtu aliyeombwa nauli mara mbili. Tukaamua "keti" ni matako chini, "tulia" ni usitoke, na "lala" imebaki lala. Wiki moja, mzozo ukaisha. Waliokuwa wagumu ni wanadamu: mama mpaka leo akimwambia "kaa" anakasirika mbwa akiendelea kutembea.

Kugeuka ndiko kulikonifundisha kwamba mwanafunzi ni mimi. Mkigeuka kulia, mbwa yuko nje ya duara, lazima aongeze mwendo. Mkigeuka kushoto yuko ndani, lazima apunguze, la sivyo unamkanyaga. Nilimkanyaga mara nne siku moja. Mwalimu akanivua kamba mkononi, akanitembeza peke yangu bila mbwa kama bibi harusi anayefundishwa kuingia ukumbini, mpaka nilipojifunza kuligeuza bega la kushoto nyuma kabla mguu haujageuka. Mbwa analisoma bega. Kumbe muda wote niliokuwa nampigia kelele, yeye alikuwa anafuata mwili wangu, na mwili wangu ulikuwa unamwambia vingine.

Sasa malalamiko. La kwanza, saa. Kipindi kinaanza saa nne asubuhi. Saa nne Dar es Salaam, mwezi wa pili! Mbwa hatoki jasho kama sisi, anajipooza kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu wa pwani kuhema kwenyewe hakusaidii sana. Kipindi cha tatu niliweka mgongo wa kiganja kwenye mchanga, sikufikisha hesabu ya tano nikautoa. Nikamwambia mwalimu, naye akajibu kwamba wateja wengi hawaamki mapema Jumamosi. Tulihamia kwenye nyasi chini ya mwembe, lakini kipindi cha watu kumi chini ya mwembe mmoja ni foleni. Nusu saa nilikuwa nimesimama tu na ndoo yangu ya maji.

La pili, mvua. Masika yalipoanza vipindi viwili vilifutwa, ujumbe ukiingia kwenye simu wakati kirikuu kimeshafika getini kwangu. Hela hairudishwi. Waliahidi kufidia, na hadi naandika wamefidia kimoja.

Swali ninaloulizwa na kila mtu: je, hajapoteza ukali? Mzee wetu ndiye aliyekuwa na wasiwasi kuliko wote. Nilikata maboksi nikaandika vibao vyangu kwa Kiswahili, nikavipanga uani kila jioni dakika kumi, naye anatazama kwenye kiti chake akitikisa kichwa. "Mwanangu, mbwa wa ulinzi unamfundisha ngoma?" Wiki ya tano alikuja mwenyewe kuniambia kwamba usiku Watasema kabweka getini, yeye kamwambia "tulia", na mbwa akatulia palepale, macho kwenye geti. Tangu hapo vibao vinapangwa na Mzee. Anavipanga vigumu kuliko mwalimu.

Kipindi cha mwisho tulipitishwa vibao 12, mwalimu na karatasi yake, maini marufuku. Tulipata 81. Kumi zilikwenda kwenye kibao cha kumzunguka, aliinuka kunusa mfuko wangu mtupu. Tatu kwa kurudia kibao kimoja. Sita ni kamba kukaza, moja moja, na hizo zote ni za mkono wangu.

Kama huna dakika kumi za kila jioni, baki na laki mbili yako, maana saa moja ya Jumamosi haibadilishi kitu. Kama unazo, nenda, ila waulize kwanza kuhusu saa ya kuanza na siku za mvua, na majibu uyapate kwa maandishi.

Jumamosi hii nadai kipindi changu kilichobaki. Tumekubaliana saa moja asubuhi, mimi na mwenzangu mmoja tu tulioshikilia. Kirikuu nimeshakiagiza, na Mzee amesema safari hii anakuja.